Mbuzi wa Kiduchu

Mtaani walimwita Huria, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za fotokopi. Alizunguka maofisini na begi lake la bisibisi, mikono imetapakaa wino wa unga mpaka viwikoni, na kila ofisi aliyoingia aliacha mashine imepona na mtu mmoja amehubiriwa. Mahubiri yenyewe hayakubadilika. Kompyuta yako si yako kama huruhusiwi kujua kilichomo ndani yake. Ziko programu ambazo watu wameziandika wakaziacha wazi, yeyote azichungulie, azirekebishe, amgawie jirani, na asitokee mtu wa kumkamata shati. Hizo ndizo programu huria, na kwake duniani hapakuwa na kitu kitamu kuliko hicho. Karani mmoja alimkatiza siku moja akamwambia, "Fundi, mimi nataka karatasi zisikwame tu." Huria akamjibu kwamba hata yeye alianzia hapo hapo.

Hakuwa na mke, na aliyeona chumba chake hakuuliza kwa nini. Kompyuta zilizotupwa na maofisi zilipandiana ukutani hadi usawa wa dirisha, kitanda kimebanwa pembeni, nyaya zimeanikwa kwenye kamba ya nguo. Kila moja aliifufua kwa kuifuta yote na kuiwekea mfumo wa huria. Alipenda hasa ile dakika ya kufuta. Mashine inakuuliza kama una hakika, wewe unabonyeza ndiyo, na uchafu wa miaka yote unakwenda na maji. Alikuwa amebonyeza ndiyo mara nyingi kiasi kwamba kidole kilijibu kabla yeye hajamaliza kusoma swali.

Jumamosi mchana alishinda kwenye duka la muuza simu, rafiki yake wa tangu shule, na hapo ndipo zilipopigwa soga za mitambo. Muuza simu alikuwa mtu wa kupenda kila kipya. Huria alikuwa mtu wa kukichunguza kila kipya kwa jicho la askari wa getini.

"Hebu ione hii," alisema muuza simu. "Inakunjwa katikati kama kitabu."

"Shuka ndiyo inakunjwa. Simu ukiikunja itavunjika, swali ni lini tu."

"Wewe ungekuwepo siku gurudumu linatengenezwa, ungeuliza kama betri yake inabadilishwa."

"Inabadilishwa?"

Walicheka mpaka wateja wakageuka. Kuhusu gemu pia hawakuelewana. Huria alishikilia kwamba gemu za siku hizi hununui, unakodishwa, maana kampuni ikizima mitambo yake kesho unabaki unatazama kioo cheusi. Ni miwani ya kuvaa usoni tu, ile inayokuingiza ndani ya gemu mzimamzima, ndiyo iliyowapatanisha. Waliijaribu wote wawili wakakubali kwamba ni ya ajabu, ingawa muuza simu alipiga ngumi kabati la vioo akidhani ni zimwi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Huria hakulifanyia utani. Aliwasiliana na waandishi wa programu wa nchi mbalimbali ambao hakuwahi kuonana nao ana kwa ana, na huko kila anayebadilisha kitu jina lake hubaki pale pale, wazi, na alichokibadilisha, na sababu. Ukiharibu, wote wanaona kwamba ni wewe. Hakuna anayekutukana. Unasema nimeharibu, mnatengeneza, maisha yanaendelea. "Ukivunja, sema umevunja," alikuwa anasema, kidole juu. Muuza simu alipowahi kuua simu ya mteja kwa kuibadilishia mfumo vibaya, kisha akamwambia yule mama kwamba tatizo ni mtandao, Huria alimnunia wiki nzima. Alimwambia mbele ya watu kwamba mtu wa namna hiyo hafai hata kushika rimoti ya televisheni.

Sasa njooni tuone yeye mwenyewe.

Dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea, alikuwa fundi wa kudarizi. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana: cherehani kubwa ya kudarizi yenye sindano nyingi, reli za nyuzi za kila rangi, na kwenye meza ndogo kompyuta iliyokuwa na michoro yake. Alidarizi nembo za shule, za hoteli, za kwaya, za timu za mpira. Kila nembo aliichora mwenyewe kwa subira, uzi kwa uzi, upite wapi na ugeukie wapi. Miaka na miaka ya macho yake ilikuwa ndani ya kompyuta ile. Programu aliyoitumia ilikuwa kuukuu na ya kulipia, na Huria kila akiiona alikunja uso kama aliyenusa maziwa yaliyochacha.

Kompyuta ile ilikuwa pia ya Kiduchu, binti pekee wa dada, aliyekuwa darasa la tano na mdogo wa umbo kuliko wenzake wote. Huria alikuwa amemwekea programu huria ya kutengenezea gemu, na kila alipotoka shule mtoto alikaa pale akiunda gemu yake. Ilikuwa ya mbuzi mweupe mwenye kofia, anayeruka kutoka paa hadi paa huku anakimbizwa na sufuria. Mbuzi akianguka, hulia. Sauti ya kulia ilikuwa ya Kiduchu mwenyewe, ameirekodi chini ya meza ili asichekwe.

Likizo ilipofika, dada alipata habari kwamba mama mkwe wake anaumwa. Akafunga safari na binti yake. Ufunguo alimwachia mdogo wake.

"Kompyuta imekuwa nzito, inakokota miguu," alimwambia. "Isafishe kidogo. Lakini kazi zangu usiziguse, tafadhali."

"Dada, unanijua."

"Ndiyo maana nakuambia."

Kumbe mwenzetu alikuwa ameshakula kiapo mbele ya muuza simu kwamba kabla mwaka haujaisha, kila kompyuta ya ukoo wake itakuwa huru. Iliyobaki ilikuwa hiyo moja. Ilipomwangukia mikononi, mwenye nyumba hayupo, aliona ni bahati. Angempa dada zawadi ya kushtukiza. Hakumpigia simu kumuuliza, kwa sababu alijua atakataa, na huo ndio ukweli wenyewe bila kuupaka rangi.

Hakuwa mzembe. Alinakili picha za familia, nyimbo, barua za kazi, kila kilichokuwa mahali ambapo mtu mwenye akili timamu huweka vitu vyake. Kisha akaweka mfumo mpya, mashine ikauliza, kidole kikajibu. Aliweka programu huria ya kudarizi, nyepesi, safi. Akachukua kitambaa ili aijaribu kwa nembo moja ya dada, kisha akaanza kuitafuta hiyo nembo.

Akatafuta. Akatafuta tena. Halafu akakumbuka, akakaa sakafuni. Ile programu kuukuu ilikuwa na desturi ya ajabu ya kuhifadhi michoro ndani ya folda yake yenyewe, huko ambako watu hawaangalii. Alilijua hilo. Aliwahi hata kulisema, kama mfano wa ubaya wa programu zilizofungwa. Na alikuwa ameifuta.

Siku zote za likizo zilizobakia aliendesha programu za kuokoa mafaili. Zilimletea makombo: nusu ya simba wa timu, herufi mbili za jina la hoteli, mwenge usio na mpini. Mfumo mpya ulikuwa umeshakalia mahali pa michoro, na hauondoki tena.

Alipanga kusema. Tumtendee haki kwa hilo. Alijipiga moyo konde, akaifanyia mazoezi sentensi yenyewe njiani, akaiweka tayari mdomoni. Dada aliingia mkoba ukiwa bado begani, akawasha kompyuta, akaangalia, akaangalia tena, akageuka.

"Michoro yangu iko wapi?"

"Dada... diski. Diski ilikuwa imechoka."

"Imechoka vipi?"

"Hizi diski huchoka. Umeme unakatika ovyo. Halafu na magemu, unajua, gemu ni nzito."

Basi. Hakusema zaidi ya hayo. Lakini aliona kichwa cha dada kikigeuka polepole kuelekea mlangoni, alikosimama Kiduchu na begi lake la nguo. Huria alikuwa na nafasi ya kufungua mdomo pale. Badala yake aliinama chini ya meza kuangalia waya ambao haukuwa na kasoro yoyote.

"Nilikuambia mara ngapi?" dada alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa imeishiwa tu. "Mara ngapi, mwanangu? Hicho ndicho tunacholia ugali. Umeharibu kazi zangu zote."

Kutoka chini ya meza Huria alisikia sauti ndogo ikisema, "Samahani, mama."

Wakati ule dada alikuwa na kazi ya nembo za mashati ya michezo ya shule ile ile anayosoma Kiduchu. Hazikuwahi. Siku ya michezo watoto walikimbia na mashati matupu kifuani, na mwalimu mkuu alipouliza, dada alieleza kwa uchungu kwamba binti yake na magemu yake wameua kompyuta. Maneno yale yalitoka ofisini yakaingia darasani kabla kengele haijagongwa. Kuanzia hapo Kiduchu akaitwa Kirusi. Kirusi pisha. Kirusi usishike daftari langu, litaambukizwa.

Huria alijikaza kisabuni akaanza kulipia kosa kwa njia ya mlango wa nyuma. Alizunguka kwa wateja wa dada akiazima mashati ya zamani, akayapiga picha, akakaa na dada jioni baada ya jioni wakichora upya kila nembo kwenye programu mpya. Programu ilifanya kazi vizuri sana, na hilo nalo likamchoma. Dada alimsifu kwa kila aliyeingia. "Bila mdogo wangu huyu ningefunga duka," alisema. "Ana moyo, huyu." Wateja walimpa mkono. Kila mkono aliopewa ulimwelemea, akaenda nyumbani hana hamu ya kula.

Alichoshindwa kukizoea ni mikono ya Kiduchu. Mtoto alikuwa ameanza kuiweka nyuma kila anapopita karibu na meza ya kompyuta, vidole vimeshikana mgongoni, kama mtu aliyeingia duka la vyombo vya udongo. Hakusogelea kibodi. Hata rimoti alimwomba mama yake ambonyezee.

"Hujambo, mhandisi?" Huria alimtania siku moja. "Sikuoni kazini."

"Sijambo, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo uone, kuna programu mpya ya kuchora."

"Nina kazi ya shule." Akapita ubavuubavu, ameambaa na ukuta.

Jumamosi, muuza simu alimwonyesha kigemu cha mkononi kilichotoka karibuni, kioo cheupe, vitufe laini, na ndani yake mfumo wa huria kabisa, unaweza kuufungua na kuubadilisha utakavyo. Kwa kawaida Huria angeruka. Safari hii alikishika tu.

"Wewe una nini?" muuza simu akauliza. "Miezi hii umekuwa kama simu isiyo na laini."

Huria akamwambia. Alimwambia yote, macho yakiwa kwenye vitufe. Alidhani rafiki yake atamkumbusha yule mama wa simu iliyokufa, na alistahili. Muuza simu hakumkumbusha. Alifuta kabati la vioo kwa kitambaa, ambalo halikuwa na vumbi, kisha akasema, "Na mtoto anaamini ni yeye?"

"Anaamini."

"Ah, ndugu yangu," alisema. "Mimi nilimdanganya mteja."

Huria alikichukua kile kigemu, akaenda nacho moja kwa moja kwa dada. Akilini mwake bado alikuwa anajipa matumaini kwamba zawadi itatosha. Mtoto atacheza, mikono itarudi mbele, na mambo yatajifuta yenyewe.

Dada alikuwa kwenye cherehani, anadarizi. Kiduchu alikuwa sakafuni anapanga nyuzi kwa rangi. Huria alichuchumaa akamnyooshea kile kigemu.

"Chako. Unaweza kutengeneza gemu zako humu humu."

Uso wa mtoto ulichangamka kidogo, kisha ukajifunga. Mikono ikaenda nyuma.

"Asante, mjomba. Mpe mtu mwingine."

"Kwa nini?"

"Nitakiharibu."

Alisema bila kununa, kwa adabu, kama mtu anayekueleza kwamba yeye ana mkono wa kushoto. Lilikuwa jambo linalojulikana kumhusu. Huria alimtazama mtoto yule ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwamba mashine haiumwi kwa kuguswa, na aibu ikampanda shingoni mpaka masikio yakawaka moto. Aliona wazi kwamba akiondoka pale bila kusema, Kiduchu atakua, atasoma, ataolewa, ataajiriwa, na popote atakapokaa mikono yake itakuwa nyuma.

"Dada," alisema. "Zima mashine."

"Namalizia mstari."

"Izime, dada. Tafadhali."

Dada akazima. Sindano zote zikasimama hewani.

"Diski haikuchoka," alisema Huria. "Diski ilikuwa nzima, mpaka leo ni nzima, ndiyo hiyo mnayoitumia. Nilifuta mimi. Ulipokuwa safarini niliibadilishia mfumo bila kukuuliza, nikasahau michoro iko wapi, nikafuta kila kitu. Kiduchu hakuharibu chochote. Hata kidogo. Nilivunja mimi."

Dada alimwangalia, na Huria alisubiri matusi kwa hamu kabisa, maana yangemsaidia.

"Mimi nimemwita mharibifu," dada alisema hatimaye, na hakuwa anaongea na yeye. "Nimekwenda mpaka shuleni nikamtangaza. Kwa walimu wake." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Michoro nilishaisamehe diski, ningekusamehe na wewe siku ile ile. Ungesema tu. Mtoto wangu anaitwa Kirusi, na wewe ulikuwa unakuja hapa unakunywa chai."

"Nitakwenda shuleni. Nitasema mbele ya darasa lake zima."

"Jumatatu asubuhi. Nitakuwepo, nataka nisikie kila neno."

"Sawa, dada."

Kiduchu alikuwa bado ameshikilia kibunda cha uzi wa bluu. Alitazama mama yake, akamtazama mjomba wake, akarudia tena, kama anayehakikisha hesabu.

"Kwa hiyo siyo mimi?"

"Siyo wewe."

"Hata gemu hazikuleta uzito?"

"Gemu hazina kosa. Nilisema vile kwa uoga."

Mtoto akafikiri. Halafu akauliza swali ambalo Huria hakuwa amejiandaa nalo, kwa sababu katika miezi yote ile ya kuazima mashati na kupiga picha nembo, halikuwahi kumjia kichwani hata mara moja.

"Na mbuzi wangu?"

Gemu ya mbuzi ilikuwa inahifadhiwa ndani ya folda ya programu yake, pale pale, kama michoro ya mama. Hakuna aliyeiulizia. Hakuna aliyeazima chochote popote ili kumchora upya.

"Na mbuzi," alisema Huria. "Mbuzi naye nilimfuta mimi."

Hapo ndipo Kiduchu alipolia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, uzi wa bluu ukifumuka mikononi mwake, kilio cha mtoto mdogo kuliko darasa lake. Miezi yote ile hakuwa amemlilia yule mbuzi, maana alidhani amemuua mwenyewe.

Dada alishuka kwenye kiti akakaa naye sakafuni, akampakata katikati ya nyuzi. Huria alibaki amesimama, kigemu kipya mkononi, kioo chake kikiwaka na kuzimika. Hakuna aliyemwambia akae.